Kitambi cha Diwani

Diwani alianza kwa maji. Mbwa wote hunywa, najua, lakini huyu alikunywa kama aliyetumwa. Akimaliza bakuli lake anahamia ndoo ninayolowekea vitambaa, na siku moja nilimkuta amesimama kwa miguu ya nyuma, ulimi wote ndani ya kopo la maji ninayonyunyizia nguo za kupiga pasi. Mimi ni fundi cherehani, na chumba changu cha kazi ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kinachoingia lazima kitoke. Diwani, ambaye tangu udogo wake hakuwahi kukosea ndani ya nyumba, akakojoa mlangoni, akakojoa chini ya meza ya kukatia, na mara moja akalikojolea gauni la mwalimu mkuu lililokuwa limebaki pindo tu. Nilimwinulia rula. Akaitazama rula, akautazama mkojo wake, akashangaa kuliko mimi.

Njaa ikafuata. Alikula chakula chake, akala cha paka wa jirani, akala kipande cha sabuni ya kufulia na kulamba midomo. Tumbo likaanza kushuka. Jina la Diwani alipewa na mjomba wangu, mdogo wake mama, anayeishi chumba cha uani, kwa sababu mbwa huyu alipenda kukaa mlangoni, kumpokea kila mtu kwa heshima, na kutofanya kazi yoyote. Sasa wateja wakaona jina limetimia. "Fundi, mheshimiwa amepata kitambi cha cheo chake!" Walimpigapiga tumbo wakacheka, nami nikacheka nao, maana mbwa akinenepa sifa huenda kwa mwenye nyumba.

Sifa hizohizo zilikuwa zinamwendea mama yangu. Mama alifanya kazi mapokezi, katika hoteli kubwa ya mjini, na mtaa mzima ulimwita Mama Mapokezi. Uso wake ulikuwa umejaa ukawa mviringo, mashavu yanang'aa, na rangi yake ilikuwa inatakata kila uchao. Nilipomuuliza alisema ni kiyoyozi: mtu anayekaa ndani kutwa nzima jua litampatia wapi? Nikaridhika. Majirani walimsimamisha njiani. "Mama Mapokezi, umenawiri jamani! Ni mshahara huo au ni mapenzi?" Mama anacheka, anavuta mikono mirefu ya blauzi yake hadi vidoleni, anapita. Na mimi, niliye mwembamba tangu kuzaliwa, niliulizwa kama mama na mbwa wamegawana chakula changu.

Kisha manyoya ya Diwani yakaanza kudondoka. Hayakuanguka mojamoja, yalitoka ubavuni kwa mafungu, kulia na kushoto sawasawa, kana kwamba kuna mtu amempimia. Ngozi iliyobaki ilikuwa nyembamba, ya kijivu, mishipa inaonekana. Akawa anahema amelala. Akawa hawezi kupanda kizingiti cha mlango, yeye aliyekuwa anaruka ukuta.

"Huyo si mnene," mjomba akasema, amekaa kwenye kibao chake uani anajisugua magoti. "Huyo amevimba. Mpwa wangu, mpeleke kwa daktari kabla hatujafanya uchaguzi mdogo."

Daktari wa mifugo alikuwa na chumba kimoja chenye meza ya bati katikati, mizani ya kupimia ndama pembeni, na harufu ya dawa ya kuogeshea iliyoingia hadi kwenye rangi ya kuta. Alikuwa mtu wa pole, anayenawa mikono kabla ya kusema jambo na baada ya kulisema. Alimpandisha Diwani mezani, akampapasa taratibu kutoka shingoni hadi mkiani.

"Tazama hapa, Fundi," akasema. "Tumbo limekua, lakini mapaja yameisha. Ukiona hivyo usiseme mnyama amenenepa. Mwili unajila wenyewe."

Akanieleza. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, na tezi hizo hutoa homoni ya kumsaidia mnyama kuhimili shida. Ni homoni nzuri, bila hiyo hakuna anayeishi. Lakini tezi zikitoa kupita kiasi, nyama ya miguu inayeyuka, tumbo linaning'inia, kiu haikatiki, ngozi inakonda na manyoya yanatoka. Ugonjwa huo unaitwa Cushing.

"Unatibika?"

Akanawa mikono. "Unatulizwa. Dawa kila siku, na vipimo mara kwa mara. Lakini sitoi dawa hiyo kwa kubahatisha. Kwanza nipime."

Alimtoa Diwani damu, akamchoma sindano ya kuziamsha hizo tezi, tukasubiri kwenye benchi mimi na mheshimiwa, akamtoa damu tena. Chupa mbili zikapelekwa maabara. Nikaambiwa nisubiri majibu.

Kuishi na mbwa wa namna ile ni kazi juu ya kazi. Nilitandika mashuka makuukuu kila alipopenda kulala. Nilibadilisha maji bila kumpunguzia, kwa sababu daktari alinionya kwamba kiu ile si ulafi. Alipoanza kutetemeka kwa baridi, ngozi tupu, nilimpima kwa futi yangu nikamshonea kizibao cha flana iliyobaki kwenye pajama za mteja. Nakumbuka nilivyoshangaa wakati wa kumpima: tumboni futi ilikataa kukutana, miguuni ikalegea ikaanguka. Hakuna pateni ya kukatia nguo iliyomkubali. Ilinibidi nimkatie kiumbe ambaye juu ni pipa na chini ni vijiti.

Jioni, kazi ikiisha, tulikaa sebuleni. Mama anarudi kutoka hotelini, anaoga, anajipaka mafuta, anainua miguu juu ya stuli mbele ya televisheni. Diwani anajikokota hadi pale na kumlamba miguu, kuanzia kifundoni hadi gotini, kwa bidii, mguu mmoja hadi uishe ndipo aende mwingine.

"Mfukuze huyo, mama, ni mgonjwa."

"Mwache," mama anasema, macho kwenye tamthilia. "Ananipunguzia uchovu wa kusimama kutwa. Katika nyumba hii huyu peke yake ndiye ananionea huruma."

Majibu yalipotoka daktari aliniita. Nilipoingia alifunga mlango, jambo ambalo hakulifanya siku ile ya kwanza, na hakunawa mikono.

"Fundi, nani anampa mbwa wako dawa?"

"Dawa gani? Si tulikuwa tunasubiri wewe ndiye umpe?"

"Mwili wa mbwa huyu umezama kwenye homoni. Lakini tezi zake hazitoi hata tone. Nimezichoma sindano ya kuziamsha, hazikuamka. Zimelala fofofo. Maana yake homoni inaingia kutoka nje. Kuna mtu anamwingizia steroidi, homoni hiyohiyo iliyotengenezwa kiwandani. Vidonge, krimu, sindano, sijui. Kidogokidogo, kila siku, kwa muda mrefu."

Nikamwambia nyumbani kwangu hakuna adui wa mbwa. Akasema hakusema adui.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema kwa ule upole wake. "Na ushukuru Mungu nilipima. Ningekupa ile dawa ya kupunguza homoni, ningezimaliza tezi ambazo tayari zimekufa nusu, na ungemzika."

Kisha akanipa maagizo, akanifanya niyarudie kwa mdomo wangu. Kwanza, nitafute dawa inatoka wapi na nimtenge nayo. Pili, nisimwache mikono mitupu. "Tezi zimezoea kulala kwa sababu kuna mwingine anazifanyia kazi. Ukimfukuza huyo mwingine leo, kesho hakuna wa kufanya kazi. Mnyama atatapika, atalegea, moyo utasimama. Kwa hiyo utampa steroidi hiyohiyo kwa kidonge, asubuhi, tunapunguza polepole, hadi tezi ziamke zenyewe." Akanipa pakiti ya vidonge vidogo vyeupe. Niliishika kama aliyeshikishwa mzigo wa mwizi.

Nilifika nyumbani nina moto wa kutosha kupigia pasi. Nilikwenda moja kwa moja uani. Mjomba alikuwa anameza vidonge vyake vya magoti.

"Shikamoo mjomba. Hivyo vidonge unamrushia Diwani?"

"Marahaba. Nimrushie kwa nini? Anaumwa magoti?"

"Nimekuuliza swali."

"Nami nimekujibu kwa swali. Mpwa wangu, hivi vidonge navipata kwa foleni ya hospitali tangu alfajiri, nikimpa mbwa mimi nitatembelea nini? Mkia wake?"

Sikucheka. Nilimpokonya pakiti, mbele ya jirani aliyekuwa anaanika nguo, nikampelekea daktari. Daktari akaisoma nje na ndani: dawa ya maumivu tu, haina steroidi hata ya kunusa. Nilirudi nikaiweka juu ya kibao cha mjomba. Hakunijibu salamu siku ile wala siku zilizofuata. Alikula chakula nilichompikia akiwa amenipa mgongo.

Nikamfungia Diwani kwenye chumba cha kazi. Hakuna aliyemgusa isipokuwa mimi, hakuna aliyemlisha isipokuwa mimi. Asubuhi nilikata kidonge kwa wembe, nikakiweka ndani ya mkate, nikamwambia, "Polepole, mheshimiwa, tezi zako zimelala." Jioni televisheni ikiwashwa alilia na kuparua mlango hadi rangi ikatoka.

"Mfungulie mtoto wa watu," mama alisema.

"Hafunguliwi hadi nijue nani anamuua."

Mama akatikisa kichwa kwa huzuni. Nilijua anamhurumia, na nilijua hana kosa. Katika nyumba ile, mtu pekee ambaye sikumshuku alikuwa yeye.

Jumamosi moja aliingia chumbani kwangu na sketi yake ya sare juu ya mkono. "Mwanangu, niachie kidogo kiunoni. Inanibana nikikaa."

Niliigeuza ndani nje. Nilikuwa nimeshaiachia mara mbili. Kitambaa cha akiba mshononi kilikuwa kimekwisha. "Mama, hapa hakuna tena cha kuachia. Simama nikupime, nikushonee nyingine."

"Si uongeze tu kipande?"

"Mapokezi ya hoteli, na kiraka kiunoni? Watasema fundi wa nyumbani hana macho. Simama."

Alisimama kwa shingo upande. Ndipo nilipokumbuka kwamba kwa muda mrefu mama hakuwa amesimama mbele ya futi yangu. Alikuwa analeta nguo, haleti mwili. Nikapitisha futi kiunoni. Ilizidi nilichokitarajia kwa kiganja kizima. Nikashuka kwenye nyonga, na pale futi ikalegea. Nikapima paja juu ya kanga aliyojifunga, ikaanguka hadi gotini. Nikamshika mkono juu ya kiwiko ili nimsogeze kwenye mwanga, na vidole vyangu vikakutana.

Nilimwachia. Pale nilipomshika palikuwa pameshaanza kuvilia damu, na sikuwa nimembana.

"Mama, pandisha blauzi."

"Ya nini?"

"Pandisha."

Tumbo lake lilikuwa na michirizi ya zambarau, mipana, kama kitambaa kinachotaka kuachana kwenye mshono. Nikamzunguka. Chini ya shingo, mgongoni, palikuwa na nundu ya mafuta ambayo kola ilikuwa inaificha. Nikabaki nimesimama nyuma yake, futi imening'inia mkononi. Mikono yangu ilikuwa imeshaupima mwili huu. Niliupima mwezi uliopita, nikaushonea kizibao cha flana. Tumbo limekua, lakini mapaja yameisha.

Nikaishusha blauzi yake taratibu, nikainyoosha kola.

Diwani alitoka chini ya meza. Akajikokota hadi kwa mama, akalala, akaanza kulamba. Nikautazama ule mguu unaong'aa. Nikautazama mkono wa mama ulioinama kumpapasa kichwa: mkono mweupe, na vifundo vya vidole vyeusi tii, kama vya mtu mwingine.

"Mama, unajipaka nini?"

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

"Mafuta, mwanangu. Watu wote wanajipaka mafuta."

Nikapitisha kidole kwenye ugoko wake nikakinusa. Juu kulikuwa na manukato ya waridi. Chini ya waridi kulikuwa na harufu ya duka la dawa.

Alikwenda chumbani, akarudi na makopo matatu yaliyofungwa ndani ya kilemba cha zamani. Hayakuwa na lebo. Dada wa duka la vipodozi, alisema, anachanganya mwenyewe. Ni mkorogo mzuri, hauchomi, haufanani na ule wa sokoni. Nikafoka. Sikumbuki yote niliyosema, lakini jirani wa kuanika nguo anayakumbuka. Nilimuuliza mtu mzima na akili zake anaionea aibu ngozi aliyozaliwa nayo kwa sababu gani. Nilimuuliza alitaka kumpendeza nani.

Mama alisubiri nimalize.

"Unakumbuka waliponihamishia chumba cha kufulia?"

Nilikumbuka. Alikaa kule mwaka mzima, chini kabisa ya jengo, kwenye mvuke. Alikuwa akirudi vidole vimekunjamana.

"Meneja aliniambia sura ya hoteli lazima ing'ae. Aliniambia hivyo akiwa ananitazama usoni, na kwa adabu kabisa. Wakamweka binti mmoja mweupe asiyejua hata kupokea simu. Mimi nimefanya kazi pale tangu baba yako yuko hai. Nikaanza kujipaka. Siku moja meneja akapita kufulia, akasimama, akasema: kumbe na wewe upo huku? Wiki ile nikarudi mapokezi."

Nikaketi kwenye stuli ya cherehani. Sote tulisherehekea alivyorudi. Mimi mwenyewe nilimshonea sare ile, nikijua wametambua kazi yake.

"Mimi sikutaka kumpendeza mtu," mama alisema. "Nilitaka kiti changu."

Ilibidi nimwambie la Diwani. Nilimweleza kila kitu alichosema daktari, tezi, steroidi, kidogokidogo kila siku, kwa muda mrefu. Nilimwona akielewa. Alishuka taratibu hadi sakafuni, akamkumbatia yule mbwa na kizibao chake.

"Nimemlisha sumu kwa miguu yangu," alisema. "Na mimi nikidhani ananipenda."

Alilia kama sijawahi kumwona akilia tangu msiba wa baba. Kisha akainuka, akachukua makopo, akaingia chooni, akayakomba yote kwa kijiko na kumwaga maji juu yake. Akatoka mikono mitupu. "Nimeacha. Leo hii. Haki ya Mungu, hata tone sigusi tena."

"Vizuri!" nikasema. "Hivyo ndivyo! Kwa mkupuo mmoja!"

Nilijivunia mama yangu. Nilikwenda uani nikamwomba mjomba radhi, akanipokea baada ya kunikumbusha kwamba yeye ni mjomba na si mfamasia. Usiku ule tulikula meza moja. Nyumba ilikuwa imetulia, na asubuhi nikaamka, nikakata kidonge cha Diwani kwa wembe.

Siku za kwanza mama alisema amechoka tu. Kisha akakosa hamu ya chakula. Akawa akisimama anashika ukuta. Alikwenda kazini hivyohivyo, akarudi amebebwa na gari la hoteli, akasema ni chakula cha kantini. Akatapika. Mjomba akachemsha tangawizi, nami nikanunua dawa ya malaria, kwa sababu kwetu kila kitu huanza kuwa malaria hadi kithibitishe vinginevyo. Mama akatapika tangawizi, akatapika na dawa. Asubuhi yake hakuinuka. Aliniita kwa sauti ndogo, akasema miguu imekataa, nikamwambia nampa Diwani kidonge kisha naja kumwogesha.

Nikakata kidonge. Nikakiweka ndani ya mkate. Nikamwambia mbwa kama ninavyomwambia kila siku, "Polepole, mheshimiwa, tezi zako zimelala."

Na nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

Wembe ulinianguka. Ukimfukuza huyo mwingine leo, kesho hakuna wa kufanya kazi. Atatapika, atalegea, moyo utasimama. Nilikuwa nimeyarudia maneno yale mbele ya daktari kwa mdomo wangu, nimeyatimiza kwa mbwa bila kukosa hata asubuhi moja, na mama yangu nilimpigia makofi alipokuwa anakata kwa mkupuo. Nilipiga ukelele ambao mjomba alidhani ni wa msiba. Alikuja mbio, magoti na yote.

Hospitali walimtundikia dripu. Daktari, msichana wa umri wangu mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, alipima presha, akaisubiri, akapima tena. "Haipandi," alimwambia muuguzi. "Maji yote haya, na haipandi." Malaria hana. Akaniuliza amekula nini.

"Daktari," nikasema, "mama yangu ana ugonjwa wa mbwa wangu."

Muuguzi akanigeukia. "Dada, tafadhali. Tuko kazini."

"Nami niko kazini! Mbwa wangu alikuwa anamlamba!"

Mjomba akajifunika uso kwa kofia. Nikatoa pakiti ya vidonge vya Diwani mfukoni, nikaibamiza juu ya shuka. "Yeye amejipaka mkorogo wenye steroidi, miaka. Mbwa amepata kwa kumlamba miguu. Mbwa tunampunguzia kwa vidonge. Mama ameacha ghafla, na mimi nilisema vizuri."

Daktari aliisoma pakiti. Akafunua shuka, akaiona michirizi. Akaukunja mkono wa mama na kuvitazama vile vifundo vyeusi. Kisha akataja jina la sindano kwa sauti ambayo ilimfanya muuguzi aondoke mbio bila kuuliza. Ikachomwa mshipani. Nilisimama pale nikiitazama mashine ya presha kama mtu anayesoma barua ya hukumu yake. Ilikaa chini. Ilikaa chini. Kisha ikaanza kupanda, kidogo, na tena kidogo. Nikakaa sakafuni.

Jioni mama alikuwa ameegemezwa kwa mito, anakunywa uji. Daktari wa miwani alimweleza polepole: kidonge kila asubuhi, miezi mingi, kikipunguzwa kidogokidogo, asikiache hata siku moja. Tumbo litapungua, nyama ya miguu itarudi, ngozi itapata nguvu.

"Na rangi yangu?" mama akauliza.

Daktari akatabasamu, amefurahi kuwa na habari njema. "Itarudi, mama. Yote."

"Lini?"

Nilidhani ana haraka nayo. Mama aliweka kikombe chini na kugeukia ukutani.

Tukaingia katika maisha ya vidonge. Asubuhi mjomba alikaa mlangoni akisimamia zamu. "Foleni, foleni! Mheshimiwa mbele, raia nyuma." Nilikata cha Diwani kwa wembe, mama akameza chake, na kila walipopunguziwa dozi tulikaa tukiwachungulia kama wapika maandazi. Wote wawili walikuwa na siku za kulala tu. Mbwa alitangulia kupona. Kiu ilimwisha kwanza, kisha tumbo likapanda, na mjomba akatangaza kwamba Diwani ameanguka uchaguzi. Manyoya yakachipua ubavuni, mafupi, mazito, meusi kuliko yale ya zamani. Kizibao nikakifumua nikafanya vitambaa vya vumbi.

Mama alifuata. Uso ukapata mifupa yake. Na wale wale waliokuwa wanamsimamisha njiani wakaanza upya. "Mama Mapokezi, una nini siku hizi? Umekonda! Umefifia jamani, unaumwa?" Nilitoka na mkasi mkononi nikawaambia alipokuwa anaumwa ndipo walipokuwa wanamsifu. Hawakunielewa. Mama akanivuta ndani.

Alirudi kazini. Mwezi haujaisha, jioni moja aliingia chumbani kwangu na mfuko. "Nipime, mwanangu."

Alisimama mwenyewe safari hii, bila shingo upande. Kiuno kilikuwa kimerudi nilipokijua. Paja lilijaza futi. Nilimshika mkono juu ya kiwiko, na vidole vyangu havikukutana; nikamshika tena kwa furaha tu, nikabonyeza, nikasubiri, hakuna damu iliyovilia. Mkono wote ulikuwa rangi moja, weusi ule wa mama yangu ninaoujua tangu nanyonya, na vifundo havikuonekana tena. Nikaanza kuimba. Nikamwambia nitamshonea sare mpya, yenye mikono mifupi, watu waione kazi ya Mungu na ya fundi.

Akafungua mfuko. Akatoa ovaroli la kijivu lenye mfuko mkubwa wa vibanio vya nguo, akalitandaza juu ya meza ya kukatia.

"Lipunguze kiunoni," akasema. "Ni kubwa."

Nililitazama. Lilikuwa limeandikwa kifuani, kwa uzi mwekundu: Kufulia.

"Kuanzia lini?"

"Jumatatu. Kuna binti mpya pale mbele. Ameniomba nimfundishe simu kabla sijashuka."

Nikashika mkasi mkubwa, na sijui nilitaka kwenda nao wapi. Mama akaniwekea kiganja juu ya mkono, akakiacha pale hadi nikauweka mkasi chini. Diwani alikuwa amelala miguuni pake. Alikuwa hamlambi tena; hapakuwa na cha kulamba. Mama akampitishia wayo ubavuni, juu ya manyoya mapya, huku na huku.

"Wewe ota manyoya yako tu, baba," akamwambia. "Wewe hakuna wa kukuhamisha."

Nilichukua pini, nikajaza mdomo wote, nikaanza kulipunguza.